Mwanangu wa miaka 9 anataka Age of Empires: nimruhusu?

Swali: Mwanangu ana miaka 9, yuko Gredi ya 4. Mjomba wake amemwekea kwenye kompyuta gemu iitwayo Age of Empires II, ile mpya iliyotoka 2019, na anasema inafungua akili, si kama zile za kupigana ovyo. Mimi nimechungulia nikaona watu wanauana, na nimesoma kwamba ni ya kuanzia miaka 12. Wenzake shuleni wanacheza Clash of Clans kwenye simu za mama zao, nayo pia anaililia. Nitajuaje ipi inamfaa? Mdogo wake wa miaka 4 huketi pembeni kumtazama. (Mama wa watoto watatu, Mombasa)

Jibu: Mama yangu, nianze na jibu lenyewe ili usilisubiri hadi mwisho. Kwa mtoto wa umri huo ningeiruhusu Age of Empires II kwa masharti nitakayoyaeleza, kubwa likiwa kwamba acheze dhidi ya kompyuta yenyewe na si dhidi ya watu wa mtandaoni; Clash of Clans ningemkatalia kwa sasa. Najua uamuzi huu unaonekana kwenda kinyume na lebo za umri, kwa kuwa gemu ninayoiruhusu ndiyo iliyoandikiwa umri mkubwa zaidi kati ya hizo mbili. Basi tuanzie kwenye hizo lebo.

Namba 12 uliyoisoma imetolewa na PEGI, mfumo wa Ulaya uliopo tangu 2003. Wenzao wa Marekani, ESRB, walioanza kazi 1994, wameipa gemu hiyo herufi T, ambayo maana yake ni kuanzia miaka 13. Kazi yao inafanana na ile ya bodi ya filamu hapa Kenya inapoandika GE, PG, 16 au 18: wanaangalia kinachoonekana na kinachosikika, yaani damu, matusi, uchi, kamari, dawa za kulevya. Ni kazi yenye manufaa na sikushauri uipuuze. Lakini lebo ya PEGI haipimi ugumu wa mchezo, wala haipimi kama mtoto ataweza kuuacha akiitwa kula. Na maneno wanayoandikiana wachezaji mtandaoni hayamo katika hesabu ya ESRB, jambo ambalo wao wenyewe hulitangaza. Hayo yote yaliyobaki ameachiwa mzazi.

Tuangalie sasa kile ulichochungulia. Katika Age of Empires II mchezaji hujenga mji na jeshi lake huku akiitazama ardhi kutoka juu, kama mtu aliyepanda mnarani, na askari mmoja kwenye kioo hazidi sana ukucha wa kidole. Wanapopigana husikika vyuma vikigongana na vilio vifupi. Aliyeshindwa huanguka, mwili wake hugeuka mifupa, na baada ya muda mifupa nayo hutoweka. Hakuna mahali unapoletwa karibu na uso wa anayekufa. Mtoto aliyewahi kusimama uani mbuzi akichinjwa siku ya Idi ameshaona damu kuliko atakayoiona humu. Kwa hiyo kuhusu damu peke yake, nadhani lebo ya 12 ni ya tahadhari, na mtoto mtulivu wa miaka 9 hatadhurika.

Kinachonifikirisha zaidi ya damu ni jambo ambalo wazazi wengi hawaliulizi. Mojawapo ya mbinu kali za ushindi ni kupeleka wapanda farasi wachache wakawavamie wanakijiji wa adui, watu wasio askari, wanaochuma matunda na kukata miti, kwa sababu wakipotea hao uchumi wake wote unalala. Mchezo haumwadhibu anayefanya hivyo, bali unamlipa. Sisemi hili limwondolee mtoto ruhusa. Nasema mtu mzima awepo siku atakapoligundua mwenyewe, amuulize kwa upole, "Hao uliowaua walikuwa askari?" Nimewahi kulisikia swali hilo likijibiwa na mtoto wa miaka 10 kwa ukimya mrefu, kisha akasema kwamba yeye atakuwa anasubiri jeshi litoke nje. Alishindwa mchezo ule, na hakubadilisha sharti lake.

Mjomba naye hajakosea anaposema inafungua akili, ila inafaa ujue inaifungua vipi. Mchezo wa kawaida huanza na kituo cha mji, wanakijiji 3, mpelelezi mmoja juu ya farasi, na akiba ya chakula 200, mbao 200, dhahabu 100 na mawe 200. Kila mwanakijiji mpya hugharimu chakula 50. Kila nyumba huongeza nafasi ya watu 5 tu, kwa hiyo asiyejenga nyumba hawezi kuongeza watu hata akiwa na ghala lililojaa. Chakula cha mwanzo ni kondoo wanaozurura karibu, vichaka vya matunda, na nguruwe mwitu mwenye nyama nyingi ambaye asipowindwa kwa akili humuua mwindaji (ndiyo, nguruwe, katika nyumba za Waislamu nimeulizwa kuhusu huyu mara nyingi kuliko kuhusu vita, na wapo watoto wanaompita wakaenda kwa kulungu, na mchezo unaendelea vizuri tu). Ili kutoka enzi ya kwanza (enzi ni hatua ya ukuaji wa mji wako) kuingia ya pili unahitaji chakula 500. Kuingia ya tatu, chakula 800 na dhahabu 200. Kuingia ya nne na ya mwisho, chakula 1,000 na dhahabu 800. Zipo enzi nne tu, lakini ndani yake kila sekunde kuna jambo la kuamua.

Naikumbuka siku moja katika klabu ya kompyuta niliyokuwa nikiisimamia. Mtoto wa umri wa mwanao alipewa mchezo huu kwa mara ya kwanza, akatumia kila punje ya chakula kuwaajiri askari wa rungu, kwa sababu askari ndio wanaopendeza macho. Wanakijiji wake wakabaki wale wale wachache, kondoo wakaisha, na hakuna aliyekuwa amelima shamba. Adui alipotokea na wapiga mishale, mtoto aliinua macho kwenye ule mstari wa juu wa kioo unaoonyesha akiba, akaona chakula ni sifuri, na akabaki na mkono juu ya kipanya bila kubonyeza kitu. Sikumwambia neno. Juma lililofuata alikuja na karatasi aliyoandika kwa kalamu ya risasi: kondoo, nyumba, mbao, shamba, halafu askari. Karatasi ile ina thamani kuliko ushindi wowote.

Wazee wetu wanaocheza bao la kiswahili wangelielewa jambo hili bila maelezo. Bao lina mashimo 32 na kete 64, na mtu anayekimbilia kula kete mapema bila kuitazama nyumba yake huumbuliwa na mchezaji mkimya aliyekuwa akitakata pembeni, yaani akisogeza kete bila kula, kana kwamba hana haraka. Tofauti ni kwamba bao humsubiri mtu afikiri, na Age of Empires haisubiri: mikuki huzuia farasi, farasi huwafikia wapiga mishale, mishale huwaangusha wenye mikuki, na yote hayo yanakwenda wakati mashamba yanahitaji watu. Kwa mtoto wa miaka 9 kasi hiyo ndiyo ugumu wenyewe. Mwanzishie sehemu ya mafunzo inayomfuata William Wallace wa Uskoti, ambayo humfundisha jambo moja moja, kisha kiwango cha chini kabisa cha ushindani dhidi ya kompyuta. Maelezo atakayoyasoma ni ya Kiingereza, na mengine ni marefu. Kama anasoma vitabu vyake vya Gredi ya 4 bila kukwama, ataweza, na pasipo hivyo utakuwa mkalimani wake kila dakika tano.

Sasa nije kwenye jambo ambalo linakuhusu wewe kuliko msomaji wa London au Chicago. Mwaka 2015 gemu hii iliongezewa falme za Afrika: Waethiopia, Wamali na Waberberi, na pamoja nao Wareno. Nyongeza hiyo imo ndani ya toleo mlilo nalo. Kila kundi lina mfululizo wa hadithi za kuchezwa, na hadithi ya Wareno inamfuata Francisco de Almeida. Sehemu yake mojawapo, iitwayo Lion of Africa, inaleta merikebu zake katika pwani yetu, na mchezaji anaongoza upande wa merikebu. Yaani mwanao, mtoto wa Mombasa, atakaa sebuleni kwako akiwa amiri wa kundi ambalo katika historia ya kweli liliiteka Kilwa mwezi Julai 1505 na kuiteketeza Mombasa mwezi Agosti mwaka huohuo.

Wapo watakaokwambia uifute sehemu hiyo. Mimi nisingeifuta. Ningeiweka akiba, nikamwambia wazi kwamba hii tutaicheza pamoja siku nikiwa na nafasi, na kabla ya kuicheza ningemwambia kisa chote: kwamba Malindi ilikuwa imeshafanya urafiki na Wareno tangu Vasco da Gama alipotua huko 1498, na kwamba Mombasa haikufanya hivyo, kwamba Fort Jesus anayoiona kila akipita Mji wa Kale haikuwepo siku ya moto ule, kwa kuwa ilianza kujengwa 1593, takriban miaka 90 baadaye, na kwamba Almeida mwenyewe hakurudi kwao Ureno, maana aliuawa 1510 karibu na Rasi ya Tumaini Jema katika mapigano na Wakhoikhoi. Watoto hukipenda sana kipande hicho cha mwisho. Mchezo unaomruhusu mtoto kuwa upande wa mvamizi si lazima umfanye ampende mvamizi, lakini akiachwa peke yake nao, hataona humo zaidi ya merikebu nzuri na dhahabu ya kukusanya, na mji wa babu zake utakuwa nukta nyekundu kwenye ramani.

Kuhusu dini, utaona mtawa anayeimba na kumgeuza askari wa adui awe wako, na masalia matakatifu yanayoleta dhahabu yakiwekwa ndani ya nyumba ya ibada. Hakuna mafundisho yanayotolewa. Ni mbinu ya vita tu, ingawa ni haki yako kumweleza mtoto kwamba imani ya mtu haihamishwi hivyo. Ukitaka historia inayotazamwa kutoka upande wa Waislamu, ipo hadithi ya Salahuddin dhidi ya wapiganaji wa msalaba, iliyokuwemo tangu toleo la kwanza la 1999, na si ngumu kupita kiasi.

Ugomvi mwingi majumbani hauletwi na vita vya kwenye kioo bali na muda. Mchezo mmoja wa kawaida huchukua nusu saa hadi saa nzima, na sehemu za hadithi huweza kuzidi hapo. Mzazi anayesema "dakika 20 tu" anamwomba mtoto aondoke katikati ya jengo linaloungua, na hatapata utii bali machozi. Hapa ndipo kucheza dhidi ya kompyuta kunapokuokoa: mchezo unasimamishwa wakati wowote, unahifadhiwa, na kesho unaendelea pale pale ulipoachwa, askari kila mmoja mahali pake. Mfundishe kuhifadhi kabla hujamfundisha kushinda. Mpime kwa hilo siku za kwanza: akiambiwa "hifadhi, uje mezani", na akaja kwa manung'uniko ya kawaida ya mtoto, yuko tayari. Akija kwa kupiga mlango, au akianza kudanganya kuhusu saa, mchezo urudi kwenye kabati kwa miezi kadhaa bila hotuba ndefu.

Dhidi ya watu mtandaoni ni habari nyingine kabisa. Huko mchezo hauhifadhiki kwa matakwa ya mmoja, anayetoka katikati anawaangusha wenzake, na kuna nafasi ya kuandikiana na watu usiowajua. Nalijua hili kwa kosa langu mwenyewe. Mwaka fulani niliwaunganisha watoto wa klabu na wachezaji wa nje nikidhani nimekaa karibu vya kutosha, nikainuka kwenda kumfungulia mlango mgeni, na niliporudi mtoto mmoja alikuwa akisoma kwa sauti, neno kwa neno, tusi aliloandikiwa na mtu mzima wa nchi nyingine, akiniuliza maana yake. Tangu siku hiyo kanuni yangu ni kwamba aliye chini ya miaka 13 asicheze na mtu ambaye mzazi wake hamjui. Akitaka mpinzani wa kibinadamu, mjomba yupo, na wanaweza kuunganisha kompyuta mbili ndani ya nyumba moja. Akaunti ya Microsoft atakayotumia ifungue kama akaunti ya mtoto chini ya yako. Hapo utaweza kuzuia ujumbe wa wageni na kuweka kikomo cha saa.

Nimefika kwenye Clash of Clans, na sababu zangu hapa ni fupi kwa kuwa ziko wazi. Lebo yake ya umri ni ndogo, maana vita vyake ni vya katuni. Lakini Supercell, kampuni ya Helsinki iliyoitoa 2012, yenyewe imeandika katika masharti yake kwamba huduma zake si za walio chini ya miaka 13, kwa hiyo mtoto wa miaka 9 anaingia kwa kudanganya umri, mara nyingi kwa kidole cha mama yake. La pili ni namna ilivyoundwa. Kuipakua ni bure. Jengo la mwanzo humalizika kwa sekunde chache, la baadaye kwa saa, la mbele zaidi kwa siku kadhaa. Na pembeni kuna vito vya kijani vinavyomaliza ngojangoja hiyo papo hapo, navyo vinauzwa kwa pesa halisi. Mtu mzima anaweza kuitazama biashara hiyo akacheka. Mtoto hawezi, kwa sababu kusubiri ndilo jambo gumu kuliko yote katika umri wake, na gemu imelitia bei. Tena akiwa shuleni kijiji chake huweza kuvamiwa, basi akirudi nyumbani hata viatu hajavua anakimbilia simu.

Kama ameshaionja kwenye simu yako, fungua mipangilio ya Google Play ukaiwekee neno la siri kwa kila ununuzi, hasa ikiwa umeiunganisha na M-Pesa au kadi ya benki. Fanya hivyo hata kama humruhusu, kwa sababu gemu nyingine za bure zimejengwa kwa mtindo huohuo.

Limebaki la mjomba. Muulize, bila kumuumbua mbele ya mtoto, nakala ile aliipata wapi. Toleo hilo ni zito, kiasi cha gigabaiti 30, na kwa kuwa bando la kulipakua si dogo, nakala za kuhamishwa kwa flashi zimejaa mitaani. Nyingi zimefunguliwa kwa programu zisizojulikana zinazobeba virusi, nazo humtaka mwenye kompyuta azime ulinzi wake kabla ya kuziweka. Kama ndivyo alivyofanya, safisheni kompyuta kwanza, kisha mnunue nakala halali au mngoje.

Halafu Jumamosi moja ukae naye mchezo mzima, kuanzia kondoo wa kwanza hadi mwisho, usimfundishe wala usimkosoe. Mwombe akueleze anachofanya na kwa nini. Utasikia kama anapanga au anabonyeza tu, na utamwona uso wake anapopoteza. Saa hiyo moja itakupa jibu ambalo mimi wala lebo hatuwezi kukupa, kwa sababu wote hatumjui mwanao.

Yule mdogo wa miaka 4 simruhusu, hata kama anatazama tu. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa 2019 linashauri mtoto wa umri huo asizidishe saa moja ya kioo kwa siku, na ikipungua ni bora. Kutazama vita vya kaka yake kunahesabiwa humo, tena yeye hawezi bado kutofautisha kijiji kinachoungua kwenye kompyuta na kile cha jirani. Panga muda wa mkubwa uangukie saa ambayo mdogo amelala au yuko kwa bibi yake.